Ile buji ya ine

Kwa Hiace, kabla ya kuona moteri lazima kwanza mtu ashuke. Gari zingine unafungua kapo (boneti) unaangalia, lakini iyi moteri yake iko chini ya siti za mbele, kwa iyo yule aliyegombania kukaa mbele juu anataka kuona barabara na hataki kufinywa na watu wane kwa siti ya watu watatu, ndiye anakalia moteri safari nzima, akishuka nguo zimemuunguza kidogo anasema leo jua kali. Gari ikianza kukohoa unasimama pembeni, unamwambia "Mama, pole, tushukie kidogo," anashuka na beseni yake na mtoto mgongoni, unatoa kapeti, unafungua vishikizo, unainua siti, joto linakupiga usoni, na abiria wote nyuma wanarefusha shingo kama wanaangalia mtu anapasuliwa tumbo.

Mwenye gari ni yaya wangu, ndiyo dada yangu mkubwa. Mimi ni mwalimu wa fizikia apa Bukavu, na mtu anayejua mwalimu wa Congo anapata nini mwisho wa mwezi hawezi kuniuliza kwa nini siku ya posho (Jumamosi) na jioni zingine niko shofa. Gari ni ile Hiace ya esanse, moteri 1TR, lita mbili, silindri nne, usukani kulia kama ilivyotoka Japani ikapitia Dar es Salaam. Kila silindri iko na bobini yake juu ya buji yake, hakuna zile waya ndefu za zamani. (Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, buji ndiyo plagi yenu, bobini ndiyo koili, esanse ndiyo petroli, vitesi ndiyo gia, shofa ndiyo dereva. Tuendelee.)

Ugonjwa ulianza polepole. Barabara tambarare, sawa. Kuteremka, sawa kabisa, ata unaweza kusema gari mpya. Lakini kupanda mtaa wa Kadutu, gari imejaa, vitesi ya pili, ukikanyaga tu moteri inaanza kukatakata, gari yote inatetemeka, usukani unatetemeka, na ile taa ya moteri kwenye tablo inawaka inazima inawaka inazima. Ikifika juu inatulia. Na Bukavu mnaijua, ni mji wa kupanda tu, ukitoka kwa ziwa kwenda popote unapanda, kwa iyo gari isiyopenda mlima apa imekosea mji. Abiria mmoja akaniambia, "Mwalimu, iyi gari iko na kikohozi ya wazee." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini ile taa ya kuwakawaka si ya kuchekea: maana yake kuna silindri haichomi, esanse inatoka mbichi inaenda kuungulia kwa katalizeri, kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba, inapata moto mpaka ndani inayeyuka. Taa ikiwaka tu bila kuwakawaka unaweza kufika nyumbani. Ikiwakawaka, punguza mguu.

Fundi wa kwanza alisema ni esanse mbaya. Kwa Bukavu iyo ni jibu la kila kitu, ata ukiwa na njaa. Akamwaga tanki, akabadilisha filtre, hakuna. Akasema basi buji. Nikalipa buji nne na kazi yake, nikaenda kufundisha, jioni nikachukua gari, nikapanda Kadutu: ileile. Akaniambia moteri itazizoea. Moteri kuzoea buji, mimi sijawahi kusikia, lakini nilikua nimechoka.

Wa pili alikua kijana, ana kale kadude ka kuchomeka chini ya usukani kanaongea na telefone. Apo nikampa heshima. Ikaandika P0304. Hii namba ni rahisi kusoma: P0300 ni kukosa kuchoma bila kujua silindri gani, na kuanzia P0301 ile ya mwisho ndiyo silindri yenyewe. Kwa iyo ya nne haichomi. Kijana akasema mwalimu, bobini ya nne imekufa, na juu ya usalama tubadilishe na buji zote. Nikalipa bobini ya okasio (mtumba) dola 20, nikalipa buji nne tena. Nikapanda Kadutu. Ileile, na telefone ikaandika P0304 tena. Sasa akaniangalia kwa uso wa huruma, akasema itakua kompyuta ya gari, anamjua mtu anayo, dola 180.

Apo nikasema apana. Si kwamba nilikua na akili kuliko yeye. Sikua na dola 180.

Sasa niwape kidogo ya darasani, juu bila iyi hamtaelewa kwa nini ni mlima tu. Miaka mingi ninachora kwa ubao bobini ya Ruhmkorff, iko kwenye programu yetu: waya mnene mizunguko michache ndani, waya mwembamba kama unywele mizunguko maelfu juu yake, zote kwenye chuma kimoja. Unapitisha umeme mdogo kwa ule mnene, halafu unaukata ghafla. Faraday alishaonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikibadilika inazaa umeme kwa waya wa jirani, na inavyobadilika haraka ndivyo umeme unakua na nguvu. Kwa iyo cheche haitokei wakati umeme unaingia, inatokea wakati unakatwa. Wanafunzi hawapendi iyo, wanaona kama uongo. Lakini ndiyo ivo, volti 12 za batri zinatoka kwa upande mwingine volti elfu 20, elfu 30, zinaruka kwa buji. Na Lenoir, yule aliyezaliwa kijijini ambako leo ni Ubelgiji, moteri yake ya gazi ya 1860 iliwashwa na bobini ya Ruhmkorff hii hii. Kwa iyo nimekua nikichora moteri ya gari ya yaya kwa ubao miaka yote iyo na sikujua.

Na mlima? Umeme unaruka hewa kirahisi ikiwa hewa ni nyepesi. Hewa ikibanwa, inakua ngumu kurukwa, Paschen, mwanafizikia wa Ujerumani, aliipima iyo mwaka 1889. Sasa gari ikiteremka, umeachia akselereta, silindri zinavuta hewa kidogo, hazibani sana, ata bobini mgonjwa anaweza. Gari ikipanda imejaa, umekanyaga, silindri inajaa hewa, inabanwa kabisa, apo cheche inaombwa volti nyingi kuliko. Bobini nzima inatoa. Ile yenye ufa inatoa pia, lakini umeme unatafuta njia fupi, unapita pembeni unaenda kwa chuma, ndani ya silindri hakuna moto. Kwa iyo Kadutu ilikua inapima bobini zangu kila siku bure, mimi ndiye sikua nasoma.

Jirani yetu kuna muzee aliyefanya mekaniki miaka ya malori makubwa, sasa magoti yamemkatalia, anakaa tu mlangoni na radio. Nikaenda kumsalimia, nikamweleza yote, buji, bobini, kompyuta. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja:

"Ule mutoto alihesabia wapi?"

"Aje, Muzee?"

"Silindri ya kwanza. Aliisema iko upande gani?"

Nikafikiri. Nikakumbuka kijana ameinama, anaonyesha na kidole bobini ya mbele, ile inayofikika kirahisi, anasema mwalimu ndiyo hii. Mbele, upande wa radiatere. Muzee akatikisa kichwa. "Moteri ikilala urefu wa gari, moja iko mbele kwa radiatere. Ya ine iko kule nyuma kabisa kwa mwisho, kwenye mukono haufikake. Bobini yenye alikutoleaka ilikua nzima." Akarudia kusikiliza radio yake.

Kwa iyo nilinunua bobini ya okasio kuondoa bobini nzima. Na ile nzima kijana alienda nayo.

Muzee alinipa na kipimo kisichohitaji pesa: toa bobini ya nne weka kwa ya pili, ya pili peleka kwa ya nne, futa ile namba ya P0304 kwa kale kadude, panda mlima. Ikiandika P0302, ugonjwa umefuata bobini. Ikibaki P0304, bobini haina kosa, tafuta buji, injekteri (ile inayopuliza esanse), komprezio (nguvu ya kubana hewa). Ni dakika kumi za kazi kwa gari yenye nafasi. Kwa Hiace ni siku ya Mungu nzima, juu ili kubadilishana na ya nne lazima kwanza uifikie ya nne.

Tukaanza asubuhi baada ya misa, mimi na mtoto wa yaya, miaka kumi na minne, kazi yake tochi. Gari ililala usiku wote ili moteri iwe baridi kabisa. Iyo msiruke: kichwa cha moteri ni aluminiamu, ukifungua buji wakati iko moto unaweza kutoka na uzi wa kichwa, ile mistari buji inajikazia, pamoja na buji, na apo ndipo utajua bei. Vyombo: duye (soketi) ya 10 kwa buloni (bolti) za bobini, duye ndefu ya 16 ya buji ile yenye mpira ndani wa kushika, ralonji (vyuma vya kurefusha) mbili fupi badala ya moja ndefu, na kardani, kale kafundo kanakojipinda. Bila kardani msijaribu ya nne, ninawaambia.

Mbele ni rahisi, moja, mbili, tatu. Unabinya ulimi wa fishi, kale kaunganisho ka waya za bobini, unavuta, isipokua plastiki iyo imepikwa na joto miaka yote, ya kwanza ikatoka vizuri, ya pili ikatoka, ya tatu ikavunjika kama biskuti. (Bado iko imefungwa na kamba ya plastiki mpaka leo, na inafanya kazi.) Bobini usiivute moja kwa moja, izungushe kwanza kushoto kulia mpaka mpira wake uachane na buji, halafu vuta.

Kabla ya kutoa buji tukapuliza. Iyi ndiyo watu wanaruka. Buji iko ndani ya kashimo, na kwa barabara zetu kale kashimo kamejaa vumbi, mchanga, kokoto, kuna moja nilikuta mbegu ya papai, sijui ilifikaje. Ukitoa buji na uchafu uko apo, wote unaanguka ndani ya silindri, unakwangua kuta. Watu wa garaji wana kompresa, sisi tulikua na pompi ya baiskeli na katuyo (kabomba) kembamba. Mjomba wake niko ndani ya siti nimeshika tuyo, yeye nje anapompa jasho linamtoka, anauliza "Mjomba, bado?" Bado.

Buji tatu zikatoka kirahisi. Mpya, safi, rangi ya kahawia nyepesi kama chai ya maziwa, za bei ndogo zile za nikeli, nilizolipa. Nikafurahi, nikasema angalau iyo haikua uongo.

Halafu ya nne. Ya nne iko chini ya ukingo wa nyuma, pale bodi ya gari inapojifunga. Mkono unaingia mpaka kiwiko halafu kiwiko kinakataa. Huoni. Unaweza kuona au unaweza kugusa, lakini si vyote viwili mara moja. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, kichwa karibu na pedali, mkono wa kushoto, na mimi ni mtu wa kulia. Buloni ya 10 nusu saa. Fishi robo saa. Bobini ikazunguka kidogo ikakwama, nikavuta, ikatoka, lakini mpira wake ukabaki chini umeshikana na buji, tukautoa vipande vipande na pense ndefu ya kuchongoka. Ngozi ya mkono nimeiacha kule, ata sasa kuna alama.

Buji yenyewe ilikua imekaza vibaya. Nikatia mafuta ya kulainisha, tukaenda kunywa chai, tukarudi. Ukisikia inalia kwiii usiendelee kufungua, rudisha kidogo, fungua kidogo, rudisha. Ikatoka pole pole kama jino la mtoto. Nikaishika kwenye jua.

Haikua ya nikeli. Ilikua ya iridiamu, ya kiwandani, chapa yake ya Kijapani ikiwa bado inasomeka kwa porselini, imekuja na gari ikiwa mpya. Ile ncha ya katikati ambayo kawaida inasimama kama sindano ilikua imekwisha, imelingana na chini. Nafasi ya cheche kwa iyi moteri ni milimita 1.1. Nikaingiza kipimo cha 1.0 na cha 0.6 pamoja, vikapita vinacheza. Na pembeni ya porselini, mstari mweusi kama wa penseli kutoka juu mpaka kwa chuma: ndiyo njia umeme ulijichongea. Iridiamu inayeyuka kwenye joto la nyuzi 2,446, nikeli 1,455, ndiyo maana buji ya iridiamu inaweza kwenda kilomita elfu mia wakati ya nikeli inaomba kutoka mapema sana. Lakini iyi ilishapita ata hizo elfu mia zamani, hakuna mtu aliyeigusa tangu Japani. Nafasi ikapanuka, bobini ikaombwa volti nyingi kila siku, kila siku, mpaka ngozi yake ikapasuka. Buji iliua bobini.

Mtoto wa yaya akahesabu na vidole. "Mjomba, ulilipa buji ngapi?"

Nane. Nililipa nane, na zilizoingia ni sita. Tatu na tatu.

Buji mpya nilizunguka maduka matatu. Duka moja walinipa zilizoandikwa iridiamu kwa karatasi, nikafuta maandishi ya porselini na kitambaa chenye esanse, yakafutika. Za kweli hazifutiki. Na ncha ilikua nene, haikukaa katikati. Nikarudisha, muuzaji hakubisha, ndiyo nikajua. Zile nilizochukua dola 12 moja, na bobini moja iliagizwa Goma ikashuka na bato (meli) la usiku, dola 45. Watu watakuambia ubadilishe bobini zote nne mara moja, ni kweli zimezeeka pamoja, lakini iyo ni shauri ya mtu mwenye dola 180, na kama ningekua nazo ningeshanunua kompyuta. Nilibadilisha moja, nyingine nikasafisha mipira na kuangalia ufa kwa tochi.

Kurudisha: chukua katuyo ka mpira, chomeka kichwa cha buji ndani, ishushe nako uzungushe na vidole. Ikiwa imekaa mshazari, mpira unateleza, haukazi, kwa iyo huwezi kuharibu uzi. Ikifika mwisho kwa mkono, duye, nusu mzunguko na kitu kidogo, basi. Mwenye kipimo cha kukazia aweke karibu Nm 20. Grasi kwa uzi sikuweka, buji za siku izi zimeshapakwa kiwandani, ukiongeza grasi unakaza kupita bila kujua. Kidogo ya silikoni ndani ya mpira wa bobini tu, ili safari ijayo isishikane. Buloni ya mwisho ikaniponyoka, ting ting ting, kimya. Tukaivua na sumaku ya hoparlari (spika) mbovu tuliyofunga kwa kamba kama watu wa ziwani. Dakika arobaini.

Jioni tukapakia magunia ya unga ya yaya, mtoto mbele kwa siti ya moto, nikapanda Kadutu vitesi ya pili, mguu chini. Ikapanda. Nikageuka nikashuka nikapanda tena, yaya akapiga simu anauliza unga wake unatembezwa wapi.

Wiki ileile nikakutana na fundi wa kwanza Nyawera. Nilikua nimejipanga maneno, makali. Nikamwonyesha buji ya zamani, nilikua natembea nayo mfukoni. Akaiangalia, hakuruka.

"Mwalimu, ile ya nyuma tunaiachaka."

"Mnaiachaka aje na mimi nimelipa?"

Akaniambia mwaka fulani moja ilimvunjikia ndani ya kichwa, gari ya mtu, mwenye gari akamlipisha kichwa kizima, alilipa miezi na miezi, watoto wakakaa bila shule. Tangu apo ikikataa kidogo anaiacha apo, anafunika siti. "Sasa nikuambie haijatoka? Utasema sijue kazi." Kuhusu buji yangu iliyobaki akacheka kidogo, akaangalia pembeni, akasema iliingia kwa gari ingine. Maneno yangu makali sikuyakumbuka yote. Akaniuliza nilipitisha mkono upande gani, nikamwonyesha, akauliza na kardani ya urefu gani.

Juzi siku ya posho saa kumi na mbili asubuhi telefone inalia, ni yeye. Ana Hiace ya mtu, P0304, mwenye nayo amesimama pale pale anaangalia. "Mwalimu, kuja na ile kardani. Na kuja na mutoto wa pompi."